Ndege wa mlango wa Sabaki: wamekufa ama wamesafiri?

"Assalam aleikum kaka. Mimi kwetu ni Mambrui lakini kazi niko Muscat, naja nyumbani mara mbili kwa mwaka. Desemba nilipokuja tulienda na watoto pale mto Sabaki unapoingia baharini, jioni saa kumi na nusu, mwezi mduara ukatoka kabla hatujaondoka. Ndege walikua wengi mpaka mchanga hauonekani, wale wadogo wa kijivu maelfu, kuna weupe wenye mgongo mweusi na mdomo mnene, na flamingo pia. Sasa nimekuja mwisho wa Juni, mwezi umeandama juzi tu, tukaenda saa nne asubuhi. Hakuna kitu. Maji ya kahawia mpaka mbele ya nyumba zetu, wale wa kijivu wachache tu na rangi imewapauka, alafu tukakuta kundi la ndege rangi ya udongo wamelala chini, tunawasogelea hawaruki mpaka karibu kabisa, kama wagonjwa. Mtoto wa dadangu akaokota ndege mdogo amekufa, kifua kimechongoka kama kisu, mguuni ana pete ya chuma ina namba na neno Nairobi. Watu wanasema mto umetiwa sumu huko bara. Wengine wanasema hio pete ni ya kupeleleza. Mamangu ameacha kununua samaki wa pale, na binamu yangu ana video anataka kuitoa na maneno 'Sabaki imekufa'. Wamekufa kweli? Na pete nifanye nayo nini?"

Waaleikum salaam dada yangu, na karibu nyumbani. Swali lako nimelisoma mara tatu kwa sababu umeeleza vitu ambavyo watu wengi hawavisemi, umenipa saa, umenipa mwezi, umenipa na hali ya kifua cha yule ndege, na hivo vitu vidogo ndio vimenisaidia kukujibu. Wasiwasi wako naujua. Mtu akizoea kuona pale mlangoni kumejaa alafu siku moja akute mchanga mtupu na maji mekundu, moyo lazima ushtuke, hata mimi miaka yangu ya kwanza ya kuhesabu ndege pale nilishtuka hivo hivo. Ndege wako wa Desemba hawajafa. Wengi wamesafiri, na hata waliokuepo siku ile hukuwaona kwa sababu ya saa uliyoenda. Lakini sikwambii kwamba mto ni msafi, hilo ni jambo lingine na nitalifikia.

Tuanze na maji kwanza manake hapo ndipo watu wengi wanapokosea. Hukuniambia kama maji yalikua yamejaa au yamekupwa, lakini umeniambia mwezi, na kwa mtu wa pwani mwezi ndio saa ya bahari. Desemba mwezi ulikua mduara, na juzi ulikua umeandama tu, zote mbili ni siku za bamvua, maji yanajaa sana na yanakupwa sana, hapa kwetu tofauti ya juu na chini inafika kama mita 3 na zaidi. Sasa siku za bamvua pwani yetu maji hujaa kwenye saa kumi hivi, alfajiri na jioni, na hukupwa kwenye saa nne, asubuhi na usiku. Muulize mvuvi yeyote pale Mambrui atakwambia. Kwa hivo Desemba ulienda maji yamejaa tele, Juni ukaenda maji yamekupwa mpaka mwisho. Ni kama kwenda msikitini Ijumaa saa saba alafu siku nyingine uende saa nne asubuhi useme Waislamu wameisha.

Maji yakijaa, ile tope yote ambayo ndege wanakula juu yake inafunikwa, hawana pa kusimama, basi wote wa eneo zima wanakuja kukusanyika kwenye fungu moja la mchanga lililobaki kavu, pale mlangoni, wanapumzika wakingojea. Ndio ukaona mchanga hauonekani. Maji yakikupwa wanatawanyika kula, mmoja hapa mmoja kule, wengine wanaingia ndani ya mto kwenye vitope vya mikoko, wengine wanaenda kwenye miamba iliyofunuka, wengine wanavuka mpaka mashamba ya chumvi ya Gongoni na kuendelea kule Marereni, na kule nakwambia kuna siku unakuta ndege kuliko Sabaki yenyewe. Wanakula minyoo, vikaa vidogo, vikonokono, vitu vilivyofichwa ndani ya tope. Ukikaa ukamwangalia mmoja vizuri utamuona anadunga mdomo kama fundi cherehani, tak tak tak tak, hatazami anapodunga, manake ncha ya mdomo wake inahisi, anamjua mnyoo kwa kumgusa. Hio kazi anaifanya usiku na mchana, saa yake ni maji tu, jua halimhusu.

Sasa hata ungeenda jioni maji yamejaa, Juni usingewaona wale maelfu. Na hapa ndio pana utamu.

Wale wadogo wa kijivu, wengi wao ni yule mwenye mdomo mrefu umepinda kidogo kwenda chini, jina lake la kisayansi ni Calidris ferruginea, kwetu anaingizwa tu kwenye jina la chamchanga pamoja na wenzake wote wanaofanana. Huyu si mwenyeji. Kwao anapozaliwa ni Siberia kaskazini kabisa, rasi ya Taimyr na pande zile, kwenye nchi ya barafu ambayo miti haioti. Kutoka Malindi mpaka kule ni zaidi ya kilomita 8,000. Na mwili wake wote, dada yangu, hana hata gramu 70, mshike mkononi ni kama umeshika ndizi ndogo. Inapofika Machi na Aprili anakula kama mwendawazimu, mafuta yanajaa chini ya ngozi mpaka anakua mviringo, na rangi inaanza kubadilika, kijivu kinatoka anakua mwekundu kama tofali. Alafu siku moja jioni wanaanza kupiga kelele, wanapaa juu kwa makundi, wanageuka kaskazini, wamekwenda. Kama umewahi kumuaga mtu uwanja wa ndege unaijua hio hali.

Kwa nini waende mbali hivo wakati hapa kuna chakula? Kwa sababu Juni kule jua halizami, barafu imeyeyuka, mbu na wadudu wengine wametoka kwa wingi usiohesabika, na kifaranga cha ndege huyu hakilishwi na mamake, kinatoka kwenye yai kinatembea na kujitafutia chenyewe. Anahitaji mahali chakula kimetapakaa chini masaa yote. Lakini huo mlango unafunguka wiki chache tu. Julai madume washaanza kurudi, mama zao wanafata, na watoto wanabaki nyuma alafu wanakuja peke yao, bila mzazi wa kuwaonyesha njia, safari ya kwanza ya maisha yao mpaka mwambao wa Afrika. Wazima utaanza kuwaona tena hapa kwenye Agosti, watoto Septemba na Oktoba.

Kwa hivo Juni, tarehe ile uliyosimama wewe pale mchangani, wao walikua kwao wanaangua. Na wale wachache uliowaona wamepauka, usiwahurumie sana. Wengi wao ni vijana wa mwaka jana, bado hawajafika umri wa kuzaa, basi hawana haja ya kuchoka na safari, wanabaki hapa hapa mwaka mzima wa kwanza. Hawavai ile rangi nyekundu, na manyoya waliyonayo yamechakaa kwa jua na chumvi, ndio ukaona wamepauka. Kila mwaka wapo. Mimi nikiwakuta Juni nafurahi, wale ndio watakaoondoka mwakani.

Alafu wale weupe wenye mgongo mweusi na mdomo mnene, hao nimecheka peke yangu kwa furaha niliposoma kwamba wewe kazi yako ni Muscat. Huyo ni ndege anayekula kaa, kisayansi anaitwa Dromas ardeola, na hazai kwengine duniani ila pembeni mwa Bahari ya Hindi upande wenu huo, visiwa vya mchanga vya Ghuba, Oman, Bahari ya Shamu mpaka pande za Somalia. Anachimba shimo kwenye mchanga kama panya, ndani kabisa anataga yai moja tu, jeupe, na hakuna ndege mwengine wa jamii zake za ufukweni anayetaga ndani ya shimo alilochimba hivo. Anazaa kuanzia Aprili mpaka Agosti, wakati jua la Ghuba linaunguza, lakini ndani ya shimo kuna ubaridi na unyevu. Wewe ulipopanda ndege Muscat mwezi wa Juni kuja Mambrui kumtafuta yeye, yeye alikua kule kule ulikotoka. Desemba ijayo ukienda tena, na hasa ukifika Mida Creek kule karibu na Watamu ambako wanakua wengi zaidi, tafuta wale wanaotembea wawili wawili, mmoja mweupe safi na mmoja ana ukijivu, huyo wa kijivu ni mtoto, na utamsikia analia lia nyuma ya mzazi mpaka apewe kaa. Amevuka bahari nzima na bado analishwa. Mimi huwa nasimama pale nikisahau hata kuhesabu.

Flamingo, au heroe kama wazee wanavosema, hao hawana ratiba ya kueleweka. Wanategemea maziwa ya magadi huko bara, Bogoria, Nakuru na kwengineko, maji yakizidi au yakikauka chakula chao kinabadilika wanahama, wakati mwengine wanatuangukia huku pwani. Kutowaona haina maana yoyote kwa Sabaki.

Sasa wale waliokutisha zaidi, waliolala chini rangi ya udongo. Dada yangu, hao ndio wageni wa heshima kuliko wote na ulikua umesimama mbele yao bila kujua. Hao wametoka Madagaska. Kitaalamu ni Glareola ocularis, wengine tunawaita pratinkoli wa Madagaska. Wanazaa kule kwenye mito ya Madagaska, na baridi ya kule inapoanza wanavuka bahari kuja mwambao wetu, kuanzia Aprili mpaka Septemba, na mlango wa Sabaki ni moja katika sehemu chache zinazojulikana duniani ambapo wanakusanyika kwa wingi, Julai na Agosti kuna miaka wanafika maelfu. Kwa hivo mlango wa Sabaki haukai mtupu. Kaskazi inaleta watu wake na kusi inaleta wake, kama majahazi ya zamani tu, wale wakiondoka na upepo wao hawa wanaingia.

Na kulala kwao sio ugonjwa. Hawa hawali tope, wanakula wadudu angani kama mbayuwayu, mabawa marefu, mkia una panda. Kazi yao kubwa ni asubuhi mapema na jioni, mchana wanapumzika chini. Siku moja nilijilaza kwa tumbo kwenye mchanga upande wa kusini wa mto, kusi inavuma kweli kweli mchanga unanipiga usoni, nikajivuta taratibu mpaka nikawa hatua kama kumi na tano kutoka kwao. Wote vichwa vimeelekea upepo, kila mmoja amejibana nyuma ya kibonge cha mchanga au ndani ya alama ya kwato za ng'ombe, wametulia kama majani makavu yaliyoangushwa. Kwa karibu hivo unaona mstari mweupe chini ya jicho, mfupi, kama mtu amepakwa chokaa na kidole, na tumboni ana rangi ya kutu. Jicho moja liko macho. Anatumia mwili wake kama rangi ya kujificha, anajua ukimuona ni bahati, ndio maana hakuruka mpaka mkawa karibu kabisa. Ndege mgonjwa ukimkaribia anajaribu kuondoka anashindwa, bawa linaburuta, shingo inalegea, anatetemeka. Wenu mlipofika karibu waliruka wote, sio? Basi ni wazima. Ila tafadhali safari nyengine msiwafate mpaka waruke, kila wanaporushwa kwenye upepo ule wanatumia nguvu, na watoto wakifanya mchezo wa kuwakimbiza siku nzima ndege hapumziki.

Maji ya kahawia. Huu mto kule juu ndio Athi, ukikutana na Tsavo unaitwa Galana, ukifika kwetu ndio Sabaki, maji yale yale. Unakusanya udongo wa Ukambani na mashamba yote huko, na baada ya mvua za masika unashuka mwekundu. Ukishaingia baharini unafata upepo na mkondo. Wakati wa kusi unasukumwa kaskazini, yaani mbele ya nyumba zenu Mambrui, wakati wa kaskazi unarudishwa kusini kwenye ghuba ya Malindi, na hapo wenye hoteli ndio wanalia. Wewe umezoea kuja Desemba, ndio maana umeona kama ni kitu kipya. Rangi ile ni udongo. Na udongo huo huo ndio umejenga tope la kulisha ndege na kuotesha mikoko, japokua ukizidi unafunika matumbawe ya Malindi, na siku hizi unakuja mwingi kuliko zamani kwa sababu ya ukataji wa miti na kulima mpaka ukingoni mwa mto.

Je hauna sumu? Hapa lazima niseme ukweli. Mto Nairobi na uchafu wake wote unaingia Athi, na kuna dawa za mashamba njia nzima, kwa hivo mtu asikudanganye kwamba maji yale ni safi ya kunywa. Lakini kati ya "mto unabeba uchafu" na "ndege wameuliwa na sumu wiki hii" kuna tofauti kubwa, na huwezi kuijua kwa kutazama rangi. Sumu inayoua ndege ina dalili zake. Unakuta maiti nyingi mahali pamoja kwa wakati mmoja, mara nyingi ndege wa aina tofauti, wengine bado wanahangaika na mabawa, na miili yao imenona kwa sababu walikua wazima mpaka dakika ile walipokula. Haya si mambo ya kubuni, kule Bunyala, magharibi mwa Kenya, kwenye mpunga watu wamewahi kutumia Furadan, dawa kali ya kuua wadudu wa mashamba, kuwatega ndege na kuwauza waliwe, jambo la hatari kwa ndege na kwa anayekula. Kuna pia ugonjwa unaotokea kwenye tope la joto lenye vitu vinavyooza, ndege anapooza kuanzia miguu mpaka shingo. Na kuna mafua ya ndege. Hayo yote yakitokea utakuta wengi.

Nyinyi mmekuta mmoja. Na kifua kimechongoka kama kisu. Ule mfupa wa katikati ya kifua huwa umefunikwa na nyama pande zote mbili, ndio nyama ya kurukia, na ndege akikosa chakula siku nyingi mwili unaila ile nyama mpaka mfupa unatokeza. Kwa hivo huyu alidhoofika taratibu, inawezekana aliumia, alikua mgonjwa, au ni kijana hakujua kujilisha, wengi wa mwaka wa kwanza hufa hivo. Kwa maelezo hayo tu siwezi kuapa, daktari wa mifugo akimpasua ndio atajua, lakini picha uliyonipa ni ya njaa zaidi kuliko sumu. Huyo mtoto aliyemuokota mikono alinawa na sabuni? Kama hakunawa siku ile basi muangalieni tu wiki hii na kidogo mbele, akipata homa na kikohozi mpelekeni hospitali na mumwambie daktari alishika ndege aliyekufa, msifiche. Safari nyengine mtu akitaka kumgeuza ndege aliyekufa atumie kijiti, au avae mfuko wa plastiki mkononi.

Pete. Hii stori ya upelelezi naisikia kila mwaka na inaniuma kwa sababu kuna watu wamewahi kumshika ndege mzima mwenye pete wakamuua kwa hofu. Pete ile ni kipande cha chuma chepesi kuliko sarafu yoyote, haina betri, haina kamera, haina waya. Ina namba na anuani, basi. Pale Mida kuna wenzetu wanatega nyavu nyembamba usiku, wanamtoa ndege taratibu, wanampima mdomo, bawa na uzito, wanamvisha pete, wanamuachia. Na kule Ngulia, Tsavo Magharibi, kazi kama hio ya ndege wahamao inafanyika kila mwaka tangu 1969. Neno Nairobi ni kwa sababu pete za Kenya zinaandikwa anuani ya Makumbusho ya Taifa. Ingekua ya Urusi ingeandikwa Moskwa. Namba yako ikipelekwa Makumbusho watafungua daftari wajue ndege huyu alivishwa lini, wapi, alikua na umri gani, uzito gani. Pengine alivishwa hapo Mida miezi sita iliyopita, pengine ana miaka zaidi ya 10 na ashakwenda Siberia na kurudi mara kumi, na hio ingebadilisha hata nilivokwambia hapo juu kwamba ni kijana. Bila mtoto wa dadako kuinama na kuokota hayo yote yangepotelea mchangani, muambie nimesema hivo.

Kuhusu video ya binamu yako, simkatazi, ni haki yake. Lakini afikirie. Akiandika "Sabaki imekufa" wakati pale kuna pratinkoli wamelala nyuma yake kwenye hio hio video, wanaojua watampuuza, na wasiojua wataacha kuja, na vijana wa pale Sabaki wanaotembeza wageni kwa kuonyesha ndege na viboko ndio watakaolala njaa. Na siku sumu ya kweli ikishuka, tutatoa video nani ataamini? Mimi ningependa arudi pale jioni maji yakijaa siku za bamvua, achukue nyengine, aziweke mbili pamoja aeleze kwa nini ziko tofauti. Hasira yake ya uchafu wa mto iko sawa kabisa, aipeleke kwenye udongo na takataka zinazotoka juu, hapo ana hoja na mimi nitasimama nae.

Samaki wa mamako, mimi ni mtu wa ndege, siwezi kumuambia ale au asile. Ndege waliosafiri si sababu ya kuacha samaki, hilo naweza kusema. Kama samaki wenyewe wanaelea wamekufa, au wana harufu ya dawa, hapo msinunue, na muwaambie watu wa BMU ya pale, yaani kikundi cha wavuvi kinachosimamia ufuo, na ofisi ya uvuvi ya kaunti. Maji yenyewe yanapimwa maabara, NEMA, mamlaka ya mazingira, ndio wenye kazi hio.

Na ni lini uache kuniuliza mimi na utafute mtu wa kuja pale pale? Ukikuta maiti kama tano au zaidi mahali pamoja, au ndege walio hai wanapooza au wanatetemeka, usiguse, toa watoto, piga picha pana na za karibu, na uwaite KWS, shirika la wanyamapori, pale Malindi na daktari wa mifugo wa kaunti siku hio hio, manake maiti ikikaa juani siku mbili haifai tena kupimwa. Paka na mbwa wazuieni. Na mtu asithubutu kuwachukua kwa mboga.

Jambo jengine ambalo hukuuliza lakini una watoto. Viboko wa Sabaki wapo kweli, jioni wanatoka majini kwenda kula majani na njia zao zinapita kwenye yale majani marefu kati ya daraja na bahari. Ukienda jioni kwa ajili ya ndege, mchukue kijana mmoja wa pale anayejua wamelala wapi leo, na muwe mmeondoka kabla giza halijaingia. Msikae kati ya kiboko na maji hata kidogo.

Kama likizo yako inafika katikati ya Julai, ngoja mwezi uwe mduara tena, nenda saa tisa na nusu, kaa upande wa kusini mpe jua mgongo, maji yakiwa yanapanda utaona wanaanza kuja makundi makundi kutoka kila upande. Na ukirudi Desemba jaribu kukaa mpaka katikati ya Januari, kuna sensa ya ndege wa maji kila Januari, tunahitaji macho, watoto wakubwa wanaweza kuandika namba. Tangu Oktoba 2024 yule mdogo wa Siberia ameingizwa kwenye orodha ya ndege walio hatarini kidunia, idadi yake inashuka, na tulijua hivo kwa sababu watu kama nyinyi walisimama mahali kama pale wakahesabu mwaka baada ya mwaka.

Pete usiitupe wala usiisugue kwa mchanga, herufi zitafutika. Ikiwa bado iko mguuni ifungue taratibu uinyooshe, iweke juu ya karatasi nyeupe, piga picha karibu kwenye mwanga wa pembeni ili namba ionekane, andika tarehe mliyompata na mahali, upande gani wa mto, umbali gani na daraja. Peleka Makumbusho ya Taifa Nairobi, kitengo cha ndege, na mimi nitumie nakala. Kwenye picha uliyonitumia namba ya mwisho sijui ni 3 au 8.